Robo ya Mwisho ya Maji

Tulikuwa sita, na daftari lilikuwa moja. Wanne kati yetu tulikuwa tumemaliza sekondari katika sehemu ya hesabu na fizikia, na wawili walitoka shule ya ufundi. Sote tulikwisha kupata Diploma ya Taifa, na sote tulikuwa na nia moja: kuingia katika kitivo cha uhandisi wa mitambo. Lakini diploma peke yake haifungui mlango huo. Upo mtihani wa kuingilia, na mtihani huo haukuombi tu upate alama fulani. Unashindania kiti. Viti vikijaa, anayefuata hubaki nje, hata kama amefanya vizuri.

Kwa miezi mitatu tulikutana kila jioni katika chumba kimoja cha parokia yetu hapa Bukavu, kwa sababu chumba hicho kina ubao mkubwa, na taa yake ya sola huvumilia hadi saa tatu za usiku. Tunawaandikia haya kwa kuwa wengi wenu mko njiani kuelekea mtihani kama ule, na kwa kuwa katika miezi ile yalitupata mambo mawili: tulikosea hesabu ya maji, na nusura tukosee hesabu nyingine iliyo kubwa zaidi.

Daftari lenyewe lilikuwa la yaya mmoja wa mtaa wetu, aliyeupita mtihani huo miaka kadhaa kabla yetu. Alitupa bila kutuomba hata franga moja. Ndani yake mlikuwa na maswali yaliyokwisha kujibiwa, ukurasa baada ya ukurasa, kwa mwandiko safi: vyuma, joto, umeme, na sehemu nene kuliko zote, mekanika ya vimiminika, yaani elimu ya maji na hewa, jinsi vinavyosukuma vikiwa vimetulia na vinavyokwenda vikitiririka. Tulipiga fotokopi, kila mmoja akapata yake, tukaanza kujifunza.

Tuseme ukweli: mwanzoni hatukujifunza, tulisoma tu. Tulisoma swali, kisha tukasoma jibu, tukatikisa kichwa na kusema, "Nimeelewa." Tulifanya hivyo kwa wiki mbili nzima. Jioni moja mwenzetu mmoja alifuta ubao, akaandika swali ambalo sote tulikuwa tumelisoma siku iliyotangulia, akatuomba tulifanye bila kutazama karatasi. Dakika 20 zilipita. Hakuna aliyefika mwisho. Wawili hawakujua hata pa kuanzia. Tuliona aibu, lakini ilikuwa aibu yenye faida. Kuelewa njia ambayo mwingine ameipitia ni jambo moja. Kuitafuta njia mwenyewe msituni ni jambo lingine. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima kando ya ziwa akiwatazama waogeleaji, na siku akitumbukia akazama.

Tangu siku hiyo tulijiwekea sheria. Jibu lifunikwe kwa karatasi. Kila mmoja achore kwanza picha ya swali: tangi, mrija, ukuta, uso wa maji. Kisha aandike anachokijua na anachokitafuta. Kisha atafute kwa jasho lake, walau nusu saa, kabla ya kumwomba mwenzake msaada. Na anayelipata jibu asiwaambie wengine namba; awaulize swali litakalowafungulia njia. Tulianza kwenda polepole mno. Maswali kumi ya usiku mmoja yakawa mawili. Wengine walilalamika kwamba hatutalimaliza daftari. Kwa kweli, hatukulimaliza.

Hata hivyo, tulipoacha kukimbiza kurasa, tulianza kuona kwamba daftari lilikuwa limetuzunguka pande zote. Kwa wanaoishi mlimani kama sisi, maji ya bomba huja usiku wa manane, na mchana hukauka. Tangu utoto tulidhani ni bahati mbaya tu. Sasa tukaelewa. Shinikizo la maji, yaani nguvu yake juu ya kila kipande cha eneo, huongezeka kadiri unavyoshuka chini ya uso wake: kila mita 10 za kina huongeza shinikizo linalokaribia lile la hewa yote iliyo juu yetu tukiwa pwani ya bahari. Ukipanda, unalipoteza kwa kipimo kilekile. Tena, maji yanapotembea ndani ya mabomba hupoteza nguvu kwa kusuguana na kuta zake, na yakienda kwa kasi zaidi hupoteza zaidi. Mchana, watu wa bondeni wanapofungua mabomba yao kwa pamoja, nguvu inayobaki haitoshi kukipanda kilima. Usiku wakilala, maji hutulia, shinikizo hurudi, nasi tulio juu huamka na bidoni zetu.

Tulijifunza pia kuitilia shaka namba iliyoandikwa kwa mazoea. Evangelista Torricelli, mwanasayansi wa Italia, alituachia mwaka 1643 kipimo cha hewa cha zebaki: kwenye usawa wa bahari hewa huinua safu ya zebaki hadi sentimita 76 hivi. Daftari liliitumia namba hiyo kila mahali. Lakini Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya bahari, na hapa kwetu hewa ni nyepesi zaidi. Safu hiyo husimama karibu na sentimita 64. Mtihani ungetuuliza kuhusu mji wa pwani au mji wa mlimani? Yapasa kulisoma swali hadi mwisho.

Jumapili moja tulikwenda kuutazama mto Ruzizi mahali unapotoka ziwani. Kutoka pale mpaka Ziwa Tanganyika, lililo kwenye mita 770 hivi, maji hushuka karibu mita 700. Ndiyo sababu mitambo ya umeme ilijengwa juu ya mto huo, wa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1950, na wa pili, unaotumiwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, mwishoni mwa miaka ya 1980. Tulihesabu kwenye karatasi: mita moja ya ujazo wa maji ikishuka mita moja kila sekunde, hutoa karibu kilowati 10, kabla ya kutoa hasara za mashine. Mwenzetu mmoja alisimama kimya muda mrefu akiyatazama maji, halafu akasema, "Kumbe lile swali lilikuwa linazungumza habari za huku."

Sasa tuje kwenye swali lililotuletea matata. Lilikuwa hivi: tangi la mviringo lenye kuta zilizosimama wima limejaa maji hadi kimo fulani, chini kabisa pana tundu dogo, tangi litachukua muda gani kuwa tupu? Jibu la daftari lilikuwa fupi na la kupendeza. Torricelli huyohuyo alionyesha mwaka 1644 kwamba maji hutoka tunduni kwa kasi ileile ambayo kitu kingekuwa nayo kama kingeanguka kutoka uso wa maji hadi usawa wa tundu. Hewa husukuma uso wa maji na husukuma pia mdomo wa tundu, kwa hiyo nguvu zake mbili zinafutana. Daftari lilitafuta kasi hiyo, likaizidisha kwa eneo la tundu, likapata maji yanayotoka kila sekunde. Kisha likagawanya ujazo wa tangi kwa kiasi hicho. Mwisho. Chini yake palikuwa na mistari miwili ya kalamu nyekundu, kama alama ya ushindi. Sote tulilijibu hivyo hivyo, na sote tulipofunua karatasi tulifurahi kuona namba zetu zikifanana na za daftari.

Isipokuwa dada mmoja. Yeye pia alikuwa amepata namba ileile, lakini hakufurahi. Alikaa akiuma kalamu yake, kisha akasema: "Ndugu zangu, nyumbani kwetu tuna pipa lenye bomba chini. Kila asubuhi ninateka humo. Bidoni ya kwanza hujaa kabla sijamaliza kufunga kitambaa changu. Ya mwisho, ninaweza kuiacha pale, nikafagia ua wote, nikarudi na kuikuta bado haijajaa. Daftari hili linasema bidoni zote hujaa kwa muda mmoja. Mwenye daftari hajawahi kuteka maji."

Tulicheka. Mmoja alimjibu kwamba pipa la nyumbani si swali la chuo kikuu. Hakubishana. Siku ya pili alikuja na kopo kubwa la maziwa ya unga na msumari.

Kopo lilikuwa na upana wa sentimita 15. Tulilitoboa karibu na kitako kwa msumari wa milimita 4, tukaziba tundu kwa kidole, tukajaza maji hadi sentimita 20 juu ya tundu. Kwa njia ya daftari, kopo lilipaswa kuwa tupu baada ya dakika 2 na sekunde 22. Tuliachia kidole, tukaanzisha saa ya simu. Mwanzoni mkondo uliruka mbali kwa fahari. Dakika 2 na sekunde 22 zilifika. Kopo lilikuwa bado na maji mengi. Tulisubiri. Mkondo uliinama, ukakaribia ukuta wa kopo, ukawa kamba nyembamba, kisha matone. Saa ilionyesha dakika 7 na sekunde 5. Tulirudia: dakika 6 na sekunde 58. Mara ya tatu: dakika 7 na sekunde 10. Chumba kilikuwa kimya. Sakafu ilikuwa imelowa, na mistari miwili ya kalamu nyekundu ilikuwa imetudanganya.

Ilituchukua jioni mbili kulipata kosa. Kasi ile ya Torricelli ni kweli, lakini ni kweli kwa kimo cha maji cha wakati ule tu. Kwa sentimita 20, maji hutoka kwa karibu mita 2 kila sekunde. Yakishuka hadi sentimita 5, yaani robo ya kimo, kasi hubaki nusu tu. Daftari liliichukua kasi ya sekunde ya kwanza na kulifanya tangi litembee nayo mpaka mwisho. Ukifuata hesabu kwa uaminifu, unagundua kwamba kasi hupungua kwa kipimo sawa kila sekunde, kutoka ile ya mwanzo hadi sifuri. Kasi ya wastani basi ni nusu ya ile ya mwanzo, na muda wa kweli ni mara mbili kamili ya ule wa daftari: dakika 4 na sekunde 44.

Na zile dakika zilizobaki hadi 7? Hapo tulijifunza jambo la pili. Maji yanayotoka katika tundu lenye kingo kali hujikunja yanapopita, na mkondo husinyaa. Eneo lake la kweli huwa takriban asilimia 62 ya eneo la tundu. Kwa kopo letu tulipata asilimia 67 hivi. Msumari wetu haukuwa chombo cha fundi, lakini haukuwa mbali na ukweli.

Kisha tukaona jambo la tatu, ambalo hatujalisahau mpaka leo. Tulikuwa tumechora alama ndani ya kopo kwenye sentimita 5. Maji yaliifikia alama hiyo baada ya dakika 3 na nusu hivi, nusu ya muda wote. Hesabu ilisema vilevile: robo tatu za maji hutoka katika nusu ya kwanza ya muda, na robo moja ya mwisho huchukua muda sawasawa na robo tatu zote zilizotangulia. Tulitazamana. Tulikuwa tumeanza tukiwa kumi na mmoja, tumebaki sita. Katika wiki ya kwanza tulidhani, kwa mwendo ule, tungelimaliza daftari katika mwezi mmoja. Sisi pia tulikuwa tumejihesabia safari nzima kwa kasi ya siku ya kwanza.

Hapo ndipo ilipokuja hesabu nyingine, iliyo kubwa zaidi.

Daftari lile halikuwa letu peke yetu. Vijana wa parokia jirani walikuwa nalo. Wa mtaa wa juu walikuwa nalo. Tulijaribu kuhesabu fotokopi tulizozijua, tukapita 30. Hao wote walikuwa wamekariri jibu lenye mistari miwili ya kalamu nyekundu, na hao wote walikuwa wakishindania viti vilevile. Swali lile likitoka, sisi sita tungelipata, nao wangelikosa. Tuwaambie au tunyamaze?

Tusiwafiche: tulibishana vikali, na hoja za kunyamaza hazikuwa za kipumbavu. Mmoja wetu, mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto saba, aliyekuwa amebakiwa na nafasi hiyo moja kwa sababu baba yake hangeweza kumgharimia mwaka mwingine wa kungoja, alisema: "Hatujadanganya mtu. Kosa si letu. Tumelivumbua kwa jasho letu, nao wangeweza kutoboa kopo kama sisi. Kunyamaza si kuiba." Mwingine akaongeza kwamba katika mashindano mkimbiaji hasimami kumfunga mwenzake kamba za viatu. Hatukuwa na jibu la haraka. Tulijua nyumbani kwao kulivyo. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumhubiria.

Aliyevunja kimya alikuwa yule dada wa pipa. Hakumkemea. Alisema polepole: "Yaya alitupa daftari hili bure. Angetuuzia, tungekuwa wateja; lakini alitupa, kwa hiyo tuna deni. Halafu, tufikiri. Mmoja wa wale 30 ataingia chuoni, kwa swali hili au kwa jingine. Siku moja atapewa kazi ya kujenga tangi la maji la zahanati. Atalihesabu kama daftari linavyosema, na mama mmoja atakuja kuteka maji ya kumwoshea mtoto, asiyapate kwa wakati. Mama huyo anaweza kuwa mimi."

Tulipiga kura. Wanne walitaka kusema, wawili hawakutaka. Lakini wale wawili walisema kitu ambacho bado tunawaheshimu kwacho: kama tutakwenda, tutakwenda sote sita, isije ikasemwa kwamba baadhi yetu ni wema na wengine si wema.

Kwanza tulikwenda kwa yaya mwenye daftari, maana haikufaa asikie kwa watu wengine kosa lililobeba jina lake. Tuliogopa atakasirika. Alilitazama kopo, akaitazama karatasi yetu ya hesabu, akaketi. Kisha akacheka kwa uchungu kidogo. "Jibu hili sikulifanya mimi," alisema. "Nililinakili kwa aliyenitangulia. Mistari myekundu ndiyo yangu." Akatuomba kalamu, na juu ya ukurasa wa daftari la asili akaandika kwa mkono wake: Kosa. Tazama kimo kinavyoshuka.

Jumapili iliyofuata tulilibeba kopo hadi parokia jirani. Vijana wa pale walitupokea kwa mashaka. Mmoja aliuliza waziwazi tulikuwa tunatafuta nini. Hatukutoa hotuba; tulijaza maji, tukawapa simu wapime wenyewe. Walipoona dakika zikipita ile namba waliyoikariri, walisogea karibu. Mwishoni kijana mmoja mkimya alitutazama, akatuuliza: "Na swali la lango la bwawa, mmelifanyaje?" Tukamwonyesha. Akatikisa kichwa. Sisi tulikuwa tumelipata kiasi cha nguvu ya maji juu ya lango, lakini tulidhani nguvu hiyo husukuma katikati ya lango. Alituchorea pembetatu ubaoni: juu, kwenye uso wa maji, shinikizo ni sifuri, chini kabisa ni kubwa kuliko pote. Kwa hiyo nguvu yote kwa pamoja hukaa chini zaidi, kwenye theluthi mbili za kina kutoka juu. Fundi anayeweka bawaba za lango bila kulijua hilo, lango lake halitadumu. Nasi tukaandika, safari hii baada ya kujaribu wenyewe kwanza.

Tangu hapo makundi mawili yakawa moja. Kopo likabaki dirishani.

Siku ya mtihani ilifika. Mtasema mnajua tayari: swali la tangi lilitoka. Halikutoka. Siri ambayo nusura tuifiche isingemsaidia yeyote kati yetu, wala kumdhuru yeyote kati yao. Lakini jioni ile ya kura hatukulijua hilo, na uamuzi hupimwa kwa kile mtu alichokijua alipoamua. Swali lililotoka lilikuwa la lango, lenye upana wa mita 3 na maji ya kimo cha mita 4. Aliyechukua shinikizo la chini kabisa na kulizidisha kwa eneo lote alipata nguvu mara mbili ya ile ya kweli. Mnaliona? Ni kosa lilelile kwa sura nyingine: kukichukua kinachobadilika kana kwamba hakibadiliki. Jibu lilikuwa karibu nyutoni 235,000, na swali la pili yake liliuliza mahali nguvu hiyo inaposukuma.

Hatusemi kwamba haya yalikuwa malipo yetu. Tungekuwa waongo tukisema hivyo, maana matokeo hayakutugawia wote sawa. Kati ya sisi sita, watatu waliingia. Yule mtoto wa kwanza wa nyumba ya watoto saba aliingia, na siku majina yalipobandikwa alikuja kutafuta kopo dirishani, akalishika, asiseme kitu. Yule kijana mkimya wa parokia jirani aliingia pia. Dada wa pipa hakuingia. Alikosa kwa alama chache, katika sehemu ya umeme.

Hatukujua tumwambie nini. Tulikwenda kwao sote, tukaketi uani karibu na lile pipa, na maneno yetu yote ya kufariji yalisikika mepesi. Yeye ndiye aliyesema, akiitazama bidoni iliyokuwa ikijaa polepole: "Hii ni robo ya mwisho. Inachukua muda."

Mwaka huu anafundisha mazoezi katika chumba kilekile, kwa vijana tisa wapya, huku akijitayarisha tena. Wanapomwomba daftari, huwapa; lakini kwanza huwapa kopo na msumari.

Vijana wapendwa, mtakapokutana katika makundi yenu, tunawaomba mjiulize pamoja maneno haya. Ni jibu gani tunalolibeba kwa sababu tu limepigiwa mistari na waliotutangulia, nasi hatujawahi kulipima? Ni jambo gani tunalolijua ambalo mwenzetu analihitaji, na tunalinyamazia kwa sababu tunashindania kiti kimoja? Na yule aliyeanza pamoja nasi kwa kasi, ambaye sasa mkondo wake umekuwa matone: ni nani kati yetu atakayekwenda kuketi naye uani, bila haraka, mpaka bidoni yake ijae?